Jinsi ya kuandika rekodi ya mbunge wa muda mrefu bila kuumbuliwa barazani

"Mwalimu, mwaka ule hatukupiga kura."

Sauti ilitoka benchi la nyuma, chini ya mwembe, na mwenye sauti hakujisumbua hata kusimama. Mimi nilikuwa mbele na karatasi zangu mbili nilizochapishiwa stendi, nasoma wasifu wa mbunge wetu mstaafu siku ya kumuaga. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote: kwamba wananchi walimchagua mara tano. Mzee yule wa benchi la nyuma, mkulima wa korosho, akamalizia taratibu: "Tulimchagua mara nne. Ile nyingine aliteuliwa na Rais. Kadi yangu ya kura haikutoka sandukuni."

Watu walicheka. Mbunge mwenyewe alicheka. Nilikuwa nimefundisha Uraia hapa Lindi miaka thelathini na mmoja, na siku ile nilisahihishwa kama mtoto wa darasa la tano.

Tangu hapo nimeandika rekodi za watu wengi: madiwani, wabunge, hata mwenyekiti mmoja wa kijiji aliyekaa madarakani mpaka wajukuu wakazaliwa wakidhani cheo ni jina lake. Vijana huja nyumbani Mtanda wakiwa na simu na wasifu wa mistari sita waliounyofoa mtandaoni. Nawaambia wakae kwanza, wanywe maji. Kazi hii inataka kauntabuku, kalamu ya rangi mbili na subira.

Fungua kurasa mbili zinazotazamana na uzipige mistari kama rejesta ya mahudhurio. Safu ya kwanza ni mwaka. Ya pili, na hii ndiyo niliyoikosa siku ile, naiita mlango: aliingiaje bungeni awamu hiyo? Kisha jimbo, chama, wapinzani, kura alizopata, kura halali zote, waliojiandikisha, na mwisho safu pana ya maelezo. Kila awamu ina mstari wake. Usiunganishe awamu tatu kwa kistari eti "2000–2015", hata kama mtu ni yuleyule na jimbo ni lilelile, kwa maana ndani ya kistari hicho ndimo mambo yanamojificha.

Milango si mingi. Kuna kuchaguliwa jimboni kwenye uchaguzi mkuu. Kuna uchaguzi mdogo. Kuna viti maalumu vya wanawake, vinavyopitia orodha za vyama. Kuna kuteuliwa na Rais, ambaye Katiba inampa nafasi zisizozidi kumi. Na kwenye chaguzi zilizopita kuna kupita bila kupingwa, ambako kijuujuu kunafanana na kuchaguliwa lakini kunataka mstari wake. Mtu mmoja anaweza kupita milango miwili katika miaka michache. Mama Salma Kikwete aliingia Bungeni mwaka 2017 kwa uteuzi wa Rais Magufuli, na mwaka 2020 akawa mbunge wa jimbo la Mchinga, hapa hapa kwetu. Ukiandika tu "mbunge tangu 2017" hujasema uongo, ila msomaji wa Mchinga atakuuliza kama mzee wangu alivyoniuliza.

Kupita bila kupingwa nakusisitiza kwa sababu vijana hupenda kujaza safu tupu. Kassim Majaliwa alichaguliwa Ruangwa mwaka 2010, akarudi 2015 na Novemba hiyo akawa Waziri Mkuu, na mwaka 2020 akapita bila kupingwa. Mstari wa 2020 kwenye safu ya kura unabaki na neno moja: hakupingwa. Kijana mmoja aliniletea rasimu aliyoandika hapo asilimia mia moja. Nikamwuliza, mia ya nini, mwanangu, wakati kura za ubunge hazikupigwa?

Sasa tuje kwenye kumbukumbu za watu, maana ndiko pa kuanzia. Usianze na mtandao. Anza na wazee, lakini usiwaulize miaka. Ukimwuliza babu "ilikuwa mwaka gani" atakupa mwaka wowote ili mradi akuridhishe. Mwulize kilichokuwa kinatokea. Kwetu kusini chaguzi za Oktoba huangukia msimu wa korosho, kwa hiyo watu wanazikumbuka kwa bei, kwa mvua iliyowahi, kwa magunia yaliyokosekana. Mpe vigingi vya kushika: alikuwa mbunge wakati wa vita vya Kagera au baadaye? Mwalimu Nyerere alipofariki, Oktoba 1999, alikuwa ameshaingia? Alipokwenda Dodoma mara ya kwanza alivuka Rufiji kwa pantoni au daraja la Mkapa lilikuwa limeshafunguliwa? Daraja lilifunguliwa 2003, basi swali hilo moja linakata miaka katikati. Kwa ya karibuni kuna vigingi viwili ambavyo hakuna mtu wa Mtwara na Lindi anayevisahau: mwaka wa gesi, 2013, watu walipopinga isipelekwe Dar es Salaam kwa bomba, na mwaka jeshi lilipokuja kubeba korosho, 2018.

Andika majibu yao kwa kalamu nyekundu. Bluu ni ya kile ulichokiona kwa macho yako kwenye maandishi. Siku ya kuandika rekodi yenyewe, chochote kilichobaki chekundu ama unakitafutia ushahidi, ama unakitaja kama simulizi: "wazee wa Mnazi Mmoja wanakumbuka kwamba…" Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kuvisha simulizi koti la takwimu.

Kuhusu tarehe za chaguzi zenyewe, usibahatishe, ziko wazi. Chini ya chama kimoja tulipiga kura 1965, 1970, 1975, 1980, 1985 na 1990. Mfumo wa vyama vingi ukarudi kisheria mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika Oktoba 1995. Baada ya hapo ni kila miaka mitano, mwezi wa kumi, isipokuwa mtego mmoja ambao karibu kila mtu hunasa. Mwaka 2005 uchaguzi ulipangwa Oktoba, mgombea mwenza wa CHADEMA akafariki, ukasogezwa hadi tarehe 14 Desemba. Ukikuta wasifu umeandikwa "alichaguliwa Oktoba 2005", jua mwandishi alinakili kwa mazoea, na ukague na mengine yote aliyoandika.

Miaka ya chama kimoja ndiyo inayoharibiwa zaidi na waandishi wa leo. Wanaandika "alishinda kwa tiketi ya CCM mwaka 1985" kana kwamba kulikuwa na tiketi nyingine. Wakati ule mpinzani wako alikuwa mwanachama mwenzako. Watu walijitokeza, vikao vya chama vikachuja, yakabaki majina mawili jimboni, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenzake nyumba. Mama yangu hakujua kusoma, lakini mpaka anafariki alikuwa anaweza kukwambia nani alikuwa jembe na nani alikuwa nyumba, na kwa nini wakulima walilidhania jembe kuwa na bahati. Kwa hiyo kwenye safu ya chama usipoteze wino: andika alama. Na safu ya wapinzani ndiyo ya kuhangaikia, kwa sababu huyo wa pili aliyeshindwa hana anayemkumbuka. Uchaguzi ule ulikuwa na meno. Mwaka 1965 Bibi Titi Mohamed, pamoja na jina lake lote katika kupigania uhuru, alikosa kiti cha Rufiji.

Jina kubwa nalo hufunika rekodi. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, alikuwa mbunge wa Nanyumbu kuanzia 1985 hadi 1995 alipokuwa Rais. Wengi hata huku hawalijui jimbo lake. Wanamjua Rais tu. Ni kama uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara: nimewauliza wanafunzi mara ngapi Sijaona alikuwa nani, wananijibu mchezaji. Alikuwa mwanasiasa wa TANU na waziri wa Nyerere. Haya, tuendelee.

Jimbo linatembea, na hapa ndipo ramani inapotakiwa mezani. Mkoa wa Lindi wenyewe ulikatwa kutoka Mtwara mwaka 1971, kwa hiyo ukitafuta Lindi kwenye orodha za mikoa za uchaguzi wa 1965 au 1970 utarudi mikono mitupu. Tafuta chini ya Mtwara. Ruangwa ilikuwa sehemu ya Nachingwea. Tandahimba ilimegwa Newala. Newala nayo ikagawanywa kwa ajili ya uchaguzi wa 2015, ikawa Newala Mjini na Newala Vijijini, na George Mkuchika, aliyekuwa mbunge wa Newala nzima, akaendelea na Newala Mjini. Sasa linganisha kura zake za 2010 na za 2015 bila kulijua hilo, utaandika kwamba watu walimkimbia, kumbe nusu yao walihamishiwa jimbo jingine wakiwa wamelala majumbani mwao. Kila jina la jimbo linapobadilika, chora mstari mzito kwenye daftari na usilinganishe kura za juu ya mstari na za chini yake.

Chama nacho kinabadilika, na sheria yetu ina ukali wake: mbunge akiacha chama kilichompa kiti, kiti kinakwenda. Ukiona mtu amebadili chama katikati ya awamu, tafuta uchaguzi mdogo. Liwale wanalijua hili. Zuberi Kuchauka alishinda 2015 kwa CUF, akahamia CCM, ukaitishwa uchaguzi mdogo Oktoba 2018, akarudi na kiti kilekile kwa chama kipya. Hiyo ni mistari miwili kwenye daftari, si mmoja. Cecil Mwambe wa Ndanda ukitazama chaguzi kuu peke yake utaona CHADEMA 2015 na CCM 2020. Kati ya miaka hiyo miwili kuna habari, na habari hiyo inasomwa kwenye magazeti ya 2020 na kumbukumbu za Bunge. Usiiruke eti kwa heshima.

Wapi pa kupata kura zenyewe? Tume, ambayo tangu 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, hutoa taarifa baada ya kila uchaguzi mkuu, na chaguzi za karibuni ni rahisi kuzipata. Kwa za zamani nenda maktaba ya mkoa uombe magazeti ya wiki mbili baada ya kupiga kura. Vaa nguo usiyoijali, vumbi lake halitoki. Soma pia ya wiki ya tatu na ya nne, maana matokeo ya kwanza kuchapwa mara nyingi ni ya awali. Na usisahau masanduku ya watu. Mawakala wa vyama hupewa nakala ya fomu ya matokeo ya kituo, kwa ubunge ni ile 21B, na wapo wanaozitunza kuliko vyeti vya ndoa. Nilizipata tisa za kata moja ndani ya bati la biskuti, Ng'apa, zimekunjwa pamoja na risiti za chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima wa korosho. Fomu ya kituo si matokeo ya jimbo, lakini inakwambia kijiji gani kilimkataa mzee unayemwandika, na hilo gazeti haliandiki.

Hesabu ya asilimia ifanye mwenyewe, usimwachie mtu. Tuseme jimbo lina waliojiandikisha 32,000, waliopiga kura 20,000, zilizoharibika 800. Kura halali ni 19,200. Mzee kapata 11,520. Ukigawa kwa kura halali ni asilimia 60. Ukigawa kwa wote waliopiga ni 57.6. Ukigawa kwa waliojiandikisha ni 36. Zote ni kweli, na wapambe wake watakuletea ile ya 60 na wapinzani ile ya 36. Wewe tumia kura halali awamu zote, useme hivyo mwanzoni, kisha idadi ya waliojitokeza uiandike pembeni. Kosa baya ni kutumia hesabu moja mwaka huu na nyingine mwaka ule, ukatangaza umaarufu wake umepanda.

Kuna uchaguzi mwingine kabla ya uchaguzi, nao ni kura za maoni ndani ya chama. Kwa majimbo mengi ya huku, kwa miaka mingi, kitendawili kilikuwa kinateguliwa hapo. Oktoba watu walikwenda kupiga muhuri tu. Tafuta aliyegombea naye ndani ya chama na kila mmoja alipata ngapi. Kumbuka pia kwamba anayeongoza kura za maoni si lazima ateuliwe, vikao vya juu vina neno la mwisho. Kama mzee wako alikuwa wa pili na jina lake likarudi, andika. Atanuna siku mbili.

Lakini usidhani kusini ni shamba la chama kimoja. Mwaka 2010 Lindi Mjini ilimchagua Salum Khalfan Barwany wa CUF, mtu mwenye ualbino wa kwanza nchini kuchaguliwa mbunge wa jimbo. Nilikuwa mjini siku matokeo yanatangazwa, barabara ya kwenda bandarini haikupitika. Mwaka 2015 Barwany akashindwa, na mwaka huohuo Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga, Liwale na Kilwa zote mbili zikaenda CUF. Mwaka 2020 upinzani Bara ulipokosa karibu kila kiti, Mtwara Vijijini ikampeleka Shamsia Mtamba wa CUF, na Hawa Ghasia, waziri wa zamani aliyekuwa na jimbo tangu 2005, akaangushwa. Kwa hiyo rekodi ya mbunge wa muda mrefu inataka pia majirani. Weka karatasi moja ya majimbo jirani kwa mwaka uleule. Mtu aliyebaki na kiti mwaka ambao majirani wote wameangushwa ana habari ya kusimuliwa kuliko aliyeshinda mwaka ambao kila mtu kashinda.

Vyeo viwekee ukurasa wake, usivichanganye na chaguzi. Bernard Membe wa Mtama ni mfano mzuri wa kufanyia zoezi. Ukurasa wa chaguzi ni mfupi: 2000, 2005, 2010, zote Mtama, zote CCM. Ukurasa wa vyeo: naibu waziri 2006, Waziri wa Mambo ya Nje 2007 hadi 2015. Halafu kuna ukurasa wa tatu, ambao watu husahau kuufungua, wa yale aliyoyataka asiyapate: 2015 alikuwa miongoni mwa watano waliobaki kwenye mchujo wa urais ndani ya CCM, hakuwa kwenye watatu wa mwisho; Februari 2020 akafukuzwa chama; Oktoba akagombea urais kwa ACT-Wazalendo. Alifariki Mei 2023, akazikwa kwao Rondo. Kiti cha Mtama kilishachukuliwa na Nape Nnauye tangu 2015. Angalia jinsi ukurasa wa tatu unavyokufanya uone ule wa kwanza kwa jicho jingine.

Alichosema bungeni kisome kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ambayo kwa miaka ya karibuni ipo kwenye tovuti ya Bunge. Usijaribu kusoma yote, utazeeka. Chagua siku ambazo jimbo lake lilikuwa linaungua. Kwa mbunge wa huku nafungua tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa na Mtwara ikawaka, na Juni 2018, Muswada wa Fedha ulipogusa ushuru wa korosho zinazouzwa nje. Je, alisimama? Alisema nini? Au hayupo kwenye orodha ya wachangiaji? Ukimya nao una tarehe, uandike. Tafuta kwa majina yake yote: kuna Seleman, Selemani na Suleiman, na kuna wanaojulikana kwa jina la utani, kama Bungara wa Kilwa Kusini ambaye wengi walimwita Bwege na mwenyewe hakuchukia.

Mwisho kabisa, siyo mwanzo, nenda kwa mzee mwenyewe ukiwa na daftari limeshajaa. Ukienda mikono mitupu atakupa hotuba. Ukienda na mistari atasahihisha, na mtu anaposahihisha husema mengi. Mwulize aliyemsaidia kushinda ni nani hasa, na yule mpinzani yuko wapi sasa. Mheshimiwa wetu nilipomwuliza hivyo alinyamaza kitambo, akamwita mjukuu alete kahawa, akasema: "Aliyeniachia chama chake cha msingi chote ni marehemu sasa. Mwandike kabla yangu." Nikamwandika kabla yake.

Unapoandika, neno "Mheshimiwa" litumie mara moja juu, kisha jina. Vifungu viwe vifupi, maana vitasomwa kwa sauti, kwenye spika inayokoroma.

Nami kabla ya kuchapa toleo jipya la wasifu ule, nilichukua bajaji hadi kwa yule mzee wa benchi la nyuma. Nikamsomea mstari kwa mstari. Alisikiliza huku anabangua korosho, nilipofika mwisho akanyoosha kidole: kijiji alichozaliwa mbunge nilikiandika kwa herufi moja isiyo yake. Nikatoa kalamu ya bluu.